Kutu yatafuna mitaji ya wenye Land Rover Masasi, Newala

KILA msimu wa korosho unapokaribia, wapo wenye akiba kidogo wilayani Masasi na Newala wanaojiuliza swali lile lile. Je, inalipa kununua Land Rover kuukuu, kuinyoosha bodi, kuipiga rangi na kuiingiza barabarani kabla wakulima hawajaanza kupokea fedha za mnada?

Jibu la haraka ni kwamba inaweza kulipa. Hata hivyo, wengi wanaopoteza fedha zao katika biashara hii hupotea mahali pamoja. Hununua rangi wakidhani wamenunua chuma. Gari linang'aa, milango inafunga, injini inaitika, na noti zinahesabiwa papo hapo. Mvua za kwanza za kifuku zinapoanza, sakafu inaporomoka na chesisi inaanza kupinda, na mwenye gari anagundua kwamba kilichokuwa kimeshikilia bodi ni puti na matambara yaliyopakwa lami.

Kwa mfanyabiashara mdogo hilo si jambo dogo. Mara nyingi fedha iliyoingia humo ndiyo faida ya duka ya miaka miwili au mitatu, au malipo ya korosho ya ukoo mzima.

Land Rover ilitambulishwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Hiyo ilikuwa miaka ile ile ambayo Waingereza walikuwa wakifyeka misitu ya Nachingwea, jirani na Masasi, kwa ajili ya mradi wa karanga uliokuja kuanguka mwaka 1951. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, la IIA mwaka 1961 na la III mwaka 1971. Hili la III liliendelea kuundwa hadi mwaka 1985. Kwa soko la Afrika Mashariki, nyingine ziliunganishwa katika kiwanda cha Leyland kule Thika, Kenya. Gari la 110 lilianza mwaka 1983, jina la Defender likapachikwa mwaka 1990, na gari la mwisho la ukoo huo likatoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016.

Maana yake kwa soko ni kwamba gari jipya la aina hiyo halipo tena. Zilizopo ndizo zilizopo, na kila moja inayouzwa kwa kilo kama chuma chakavu inapunguza idadi.

Uwanda wa Makonde uliyapenda magari haya kwa sababu zinazoeleweka. Newala imekaa ukingoni kabisa mwa uwanda huo, pale wageni wanapopelekwa kutazama bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu. Masasi iko chini upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe. Kutoka mji mmoja kwenda mwingine lazima gari lipande au lishuke ukingo, na juu kule udongo ni mchanga mwepesi unaomeza magurudumu wakati wa kiangazi na kuteleza wakati wa mvua. Kwa miaka mingi abiria, magunia na madebe ya maji vimesafiri ndani ya Land Rover na pikapu za kila namna, watu wakibanana kama dagaa na vijana wakining'inia nyuma.

Alumini haili kutu, lakini...

Wauzaji wana usemi mmoja unaowapofusha wanunuzi wengi: Land Rover haili kutu, maana ni alumini. Usemi huo una ukweli nusu, na nusu ya pili ndiyo yenye gharama.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kiligawiwa kwa mgao nchini Uingereza, hivyo kampuni ya Rover ikatumia mabamba ya aloi ya alumini kwa madigadi, boneti, ngozi za milango na karai la nyuma. Mabamba hayo kweli hayashiki kutu nyekundu. Lakini chesisi ni ya chuma, imetengenezwa kwa vipande vya bamba lenye unene wa takribani milimita 2 vilivyochomelewa kuwa boksi lenye uwazi ndani. Ukuta unaotenganisha injini na abiria, ule unaoshika dashibodi, bawaba za milango na sakafu ya miguu, nao ni wa chuma. Hali kadhalika fremu za ndani za milango. Kwa kifupi, kinachoonekana ni alumini na kinachobeba mzigo ni chuma.

Ubaya zaidi ni kwamba vitu hivyo viwili havipatani. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu wenye chumvi, hutokea umeme mdogo kama ule wa ndani ya betri, na alumini ndiyo inayolika. Dalili yake ni unga mweupe unaojitokeza kwenye ribiti na kandokando ya milango, rangi ikifura kama ngozi iliyoungua. Mnunuzi akiona unga huo ajue kwamba chini yake kuna mahali ambapo maji yanakaa.

Kwa Masasi na Newala, maji, chumvi na salfa ndiyo mizigo inayoharakisha uharibifu huo.

Maji ni shida ya siku nyingi ya uwanda huu. Mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa miaka ya 1950, lakini kazi ya kupandisha maji kwa vyombo vya moto haijawahi kuisha moja kwa moja. Gari lililobeba mapipa kwa miaka kumi limemwagikiwa kila siku, na maji hayo huteremka kupitia sakafu hadi kwenye boriti ya nyuma ya chesisi, ambako hukaa pamoja na tope.

Chumvi na samaki hutoka pwani, Mtwara na Mikindani. Maji ya samaki yakivuja karaini hayaachi kutafuna hata gari likilala bila kazi. Ndiyo maana gari lililofanya biashara ya samaki lafaa kuogopwa kuliko gari lililogongwa ubavuni. La kugongwa huonyesha jeraha lake waziwazi.

Salfa ni ya hapa hapa. Mikorosho hupuliziwa unga wa salfa wakati wa kiangazi kuzuia ubwiri unga, na mifuko ya dawa hiyo husafirishwa hadi mashambani kwa magari haya haya. Salfa ikiwa kavu haina neno na chuma. Ikibaki kwenye pembe za karai na ndani ya viungo, ikapata unyevu na hewa kwa muda, sehemu yake hugeuka tindikali. Mwenye gari anayefagia karai na kuliosha kwa maji mengi mwishoni mwa msimu wa dawa, kisha akaliacha likauke juani, anaokoa fedha nyingi kwa kazi ya saa mbili. Wanaofanya hivyo ni wachache.

Nyundo, bisibisi na sumaku

Mnunuzi mwenye busara hulala chini ya gari kabla hajauliza bei. Nyundo ndogo inatosha. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilichooza hutoa mlio mfu kama wa kugonga debe lenye mchanga. Penye shaka achokonoe kwa bisibisi. Mwenye gari akikataa kuchokonolewa, hilo nalo ni jibu.

Mahali pa kuanzia ni boriti ya nyuma, kisha mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kushika bodi, kisha sehemu zinaposhikwa springi. Springi ikichomoka kwenye chesisi iliyooza wakati gari linashuka ukingo wa Newala na abiria kumi na watano, habari hiyo haitaishia gereji. Baada ya hapo achunguze sakafu ya miguu ya dereva na pembe za chini za ukuta wa injini, zilipo bawaba. Mlango unaoshuka ukifunguliwa mara nyingi hauna kosa, kosa liko kwenye ukuta.

Sumaku hutumiwa na wengi kutafuta puti, ila hapa yahitaji akili. Kwenye ngozi ya mlango au digadi sumaku haitashika hata kama bamba ni zima, maana ni alumini. Itumike kwenye ukuta wa injini na chesisi tu. Isiposhika hapo, kilichopo si chuma.

Chesisi iliyopakwa lami mbichi wiki ile ile ya kuuzwa haifai kuaminiwa.

Gari likishanunuliwa, kazi ya bodi huanza kwa kulivua. Katika hili Land Rover ni rahisi kuliko magari mengi, kwa kuwa bodi imefungwa kwa nati na bolti. Fundi mwenye spana na subira anaweza kuondoa madigadi, milango na karai bila kukata kitu. Bolti zilizoganda hupakwa mafuta na kuachwa usiku kucha. Haraka ya kutumia patasi ndiyo inayopasua alumini, na alumini iliyopasuka ni gharama nyingine.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 660, wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500. Fundi wa geti na madirisha anayejaribu kuichomelea kwa mashine ya kawaida hutoboa tundu mahali palipokuwa na ufa. Kama hakuna mwenye mashine ya gesi maalum na mkono uliozoea, ni afadhali kukata kiraka cha alumini, kuweka mpira au rangi nzito katikati, na kupiga ribiti. Kiraka hicho kitaonekana. Kwa gari la kazi, kuonekana si aibu.

Mabamba ya alumini yana mnunuzi mwingine anayepaswa kutajwa. Ni wasubu wa masufuria. Kwao boneti ya Land Rover ni malighafi safi, nao hulipa taslimu. Vijana wa chuma chakavu wanalijua hilo, ndiyo maana gari lililoegeshwa nyuma ya nyumba miaka mingi hukutwa lina chesisi bila madigadi. Anayejenga gari na ashindane na sufuria.

Kwenye chuma, kanuni ni moja nayo haina njia ya mkato. Kilichooza kikatwe mpaka kufikia chuma kinachong'aa, na bamba jipya lichomelewe kwenye chuma hicho. Kubandika bamba juu ya kutu ni kuficha ugonjwa. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilikotoka, hivyo ikifungiwa ndani itasukuma kiraka na kukipasua. Kwa chesisi litumike bamba la milimita 2 au zaidi kidogo. Bati jembamba la kuezekea, ambalo wengine hulitumia kwenye sakafu, halifai hata kwa jirani usiyempenda.

Tahadhari moja imegharimu watu magari na hata viungo vyao. Katika Land Rover nyingi za zamani tanki la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Lazima liondolewe na kupelekwa mbali kabla cheche ya kwanza haijaruka, na tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu ya mvuke. Betri nayo ifunguliwe.

Baada ya kuchomelea, chuma kisuguliwe, kipakwe praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla umande wa usiku haujakigusa, kisha rangi. Alumini inahitaji praima yake maalum. Ikipakwa rangi ya kawaida moja kwa moja, huachia magamba baada ya muda mfupi, na lawama humwangukia muuza rangi asiye na hatia. Mwisho, ndani ya boksi la chesisi kumiminwe mafuta mazito yaliyokwisha kutumika kwenye injini, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Kazi hiyo ya mwisho ni chafu, ina gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Hesabu ya mnunuzi wa milioni 15

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa tarakimu za hesabu tu na si bei za soko. Mwenye duka Newala ana shilingi milioni 15. Ananunua gari linalong'aa kwa milioni 9, fundi anatazama kwa nje na kukadiria bodi kwa milioni 3, zinabaki milioni 3 za matairi, bima na leseni ya usafirishaji. Karatasi inapendeza. Gari linapovuliwa, ukuta wa injini unakutwa umeoza pembe zote mbili na boriti ya nyuma haipo, ni puti. Bodi inakuwa milioni 6. Fedha zote zimekwisha, gari halina matairi, na mnada wa kwanza wa korosho umeshapita.

Mwenzake mwenye kiasi hicho hicho anachukua gari lililochubuka, rangi imepauka, digadi limekunjwa, lakini chesisi inalia kwa nyundo. Muuzaji ambaye anajua alichonacho hashuki chini ya milioni 11. Ukarabati unakula milioni 1 na nusu. Zinabaki milioni 2 na nusu, na gari linaingia kazini ndani ya mwezi. Alionekana amenunua kwa ghali. Tofauti yao ni nyundo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye karatasi ya fundi, nayo ni namba ya chesisi. Katika matoleo ya II na III namba hiyo hugongwa kwenye chesisi mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi, mahali ambapo kutu hupapenda sana. Fundi akikata kipande hicho na kukitupa, gari hubaki na kadi isiyolingana na chuma. Kulihamisha jina au kulikatia bima huwa mzozo, na bei yake huanguka hata kama limenyooka kama kioo. Kipande chenye namba kihifadhiwe, na kabla ya kukigusa mwenye gari aulize kwanza mamlaka ya usajili. Vile vile, asinunuliwe mtu kadi. Chesisi ya gari moja na kadi ya jingine ni mlango wa polisi.

Upande wa mapato, hali ya uwanda inabadilika. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ina urefu wa kilomita 210. Kilomita 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia kuwekewa lami. Kilomita 160 zilizosalia, Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, zilipata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami ikifika, abiria huhamia kwenye mabasi na magari madogo yenye viti laini, na bodaboda huchukua wa vijijini. Anayekarabati Land Rover leo kwa hesabu ya nauli za njia kuu anajenga kibanda mahali ambapo soko linahama.

Kazi inayobaki ni ya nje ya lami: kupeleka salfa mashambani, kutoa korosho vijijini hadi kwenye vyama vya msingi, mbao, saruji, wagonjwa wakati wa mvua. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/08, mzigo mkubwa kutoka ghala za vyama hadi maghala makuu umekuwa wa malori, hivyo Land Rover imebakiwa na kipande cha mwanzo cha safari. Kipande hicho ni kifupi lakini hakina lami. Mwenye gari ajihadhari na wateja wa kangomba. Anayekamatwa na korosho zilizonunuliwa kwa magendo huiacha Land Rover yake kituoni, na kutu haisubiri kesi iishe.

Biashara yote hii hupumua kwa pumzi ya zao moja. Uzalishaji wa korosho nchini ulifikia tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74, ukaanguka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kisha ukapanda kupita tani 300,000 msimu wa 2017/18. Msimu uliofuata Serikali ilinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya minada kukwama, na malipo yakachelewa kuwafikia wakulima wengi. Mwenye gari la mkopo aliyetegemea mzunguko wa Novemba aliisubiri fedha hiyo pamoja na mkulima.

Wapo pia wanaoota soko la wapenzi wa magari ya kale. Soko lipo kweli. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilianza kukarabati na kuuza upya magari ya toleo la kwanza, na Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo. Lakini mnunuzi wa aina hiyo hutaka gari lenye injini yake, namba yake na mabamba yake. Land Rover nyingi za kusini zimewekewa injini ya Toyota au Isuzu ili ziendelee kula mkate wao wa kila siku, na hakuna ubaya. Ila zisiuzwe wala kununuliwa kwa bei ya ndoto za Arusha.

Kwa anayeamua kuingia, miezi ya kununua ni ile ya katikati, fedha za msimu zikishakwisha na mashamba yakitaka dawa, kwani wenye magari ndipo wanapohitaji taslimu. Makubaliano na fundi yaandikwe, yakitaja sehemu zitakazokatwa na unene wa bamba. Malipo yagawanywe mara tatu: gari likishavuliwa, chuma kikishachomelewa, na rangi ikishakauka. Kabla ya awamu ya pili mwenye gari aende mwenyewe na nyundo yake, wakati chuma kingali uchi na puti haijafunguliwa kopo.